Bao la Nyongeza

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali kwa kuwa simu zilikwisha kujua kupiga picha, mjini Tabora palikuwa na mwanamke aitwaye Nyamizi. Sogeeni mnisikie vizuri. Mwenye simu aizime, maana balaa la kisa hiki lilianzia kwenye simu.

Nyamizi alikuwa na kibanda cha gemu karibu na soko. Kibao cha nje kilisema ndani mna mashine nne za kisasa, na hicho kibao kilikuwa kipya kabisa. Mashine ndizo zilizokuwa na umri. Mbili zilikwisha kufa. Ya tatu ilichemka mpaka ipepewe kwa mfuniko wa sufuria. Ya nne ilikuwa nzima, na hiyo moja ndiyo iliyomlisha Nyamizi na wanawe watatu, mumewe akiwa safarini na malori ya tumbaku miezi nenda miezi rudi.

Alikuwa na akili timamu kwa kila jambo isipokuwa moja. Akiona kitu kimeshushwa bei, akili ilimtoka ikatangulia nyumbani kumsubiri. Aliwahi kununua pedi sita za mashine ambayo hakuwa nayo, kwa sababu ziliuzwa kwa bei ya pedi mbili. Aliwahi kununua keram isiyo na kete. Aliwahi kununua dhumna yenye vipande ishirini na sita, na alipoambiwa kwamba dhumna kamili ina ishirini na nane, akajibu kwamba hivyo viwili huwa havichezwi sana. Vyote vilikuwa chini ya kitanda chake, na kila usiku alilala juu ya akiba yake kwa furaha kubwa.

Basi kwenye simu yake palikuwa na kundi lililoitwa Gemu Bei Chee. Lilikuwa na watu mia na kumi na wawili, wote wakitafuta kununua rahisi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuuza rahisi. Kwa hiyo walishinda humo wakisalimiana.

Ikabaki wiki moja shule zifunge. Nanyi mnajua, likizo ya shule kwa mwenye kibanda cha gemu ni kama mavuno kwa mkulima. Asiyevuna hapo atakula matusi ya mwenye nyumba mpaka likizo nyingine. Bahati ikawa zamu ya Nyamizi ya mchezo imefika, namaanisha ule mchezo wa akina mama wa kuchangiana kila mwezi, ambao ndio mchezo pekee uliowahi kumwingizia faida. Alipokea laki tatu. Dukani mashine nzuri iliuzwa kwa laki nne na nusu. Mtu mwingine angekopa laki na nusu akanunua mashine yenye dhamana. Nyamizi alifungua simu.

Na humo, siku hiyohiyo, akaona tangazo. Picha ilikuwa na ukungu, lakini mashine ya gemu ilionekana, na rundo la sidii, na keram, na ludo, na drafti. Chini yake paliandikwa: "Vitu vya marehemu mume wangu, nauza vyote pamoja. Nahama Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne. Mtu mwingine angesoma hapo habari za mjane anayefungasha. Nyamizi alisoma punguzo.

Hakwenda peke yake. Alimwita kwanza Mihambo, kaka wa mumewe, karani mstaafu wa ghala la tumbaku, mtu aliyekuwa na ulimi wa kushusha bei ya chochote kinachouzwa. Inasemekana siku ya msiba wa baba yake mwenyewe alimlalia muuza sanda mpaka muuza sanda akalia kuliko wafiwa. Nyamizi akamwambia mbele ya jirani wawili, "Shemeji, ukimshusha huyo bibi chini ya laki mbili, nyongeza yoyote atakayotoa ni yako." Mihambo akakubali. Nyongeza za wauzaji huwa ni mfuko wa plastiki, lakini mtu hawezi kujua.

Kisha akamwita Fundi Kapela, aliyetengeneza redio na simu kwenye kimeza chake cha stendi. Huyu alishika kifaa kibovu kama daktari anavyoshika tumbo la mtoto, akisikiliza. Nyamizi akamwahidi elfu kumi na tano ya ukaguzi na kumpa maagizo. Mashine ikiwa mbovu, aseme ni mbovu. Mashine ikiwa nzima, aseme ni mbovu vilevile, lakini ajikune sikio. Kapela akauliza kama jambo hilo si uongo. Nyamizi akamwambia kwamba uongo ni kusema kitu kibovu ni kizima. Kusema kizima ni kibovu ni biashara.

Wakaenda watatu. Jicho lililoona tangazo, ulimi wa kushusha bei, na mkono wa kukagua.

Mwenyeji wao alikuwa Bibi Mwasiti, muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walimwamkia kwa adabu nyingi, kama watu wanaojua watakachofanya baadaye. Akawakaribisha katikati ya mabegi. Akaeleza kwamba mumewe, Mzee Kiyungi, alikuwa kondakta wa treni miaka thelathini, na kila stesheni aliyoshuka alirudi na mchezo mmoja, na alipostaafu akaanza na hizi gemu za runinga. Bibi mwenyewe hakuwahi kuucheza hata mmoja. Aliviita vitu vile wake wenza. Sasa mzee amefariki, mwenye nyumba anataka nyumba yake Ijumaa, na yeye anakwenda Singida kwa binti yake, ambako amepewa chumba cha kulala na kipande cha ukuta cha kuegeshea begi.

Nyamizi akaiomba mashine ijaribiwe. Bibi Mwasiti akasikitika sana, akasema umeme umeisha tangu jana na hakuona haja ya kununua mwingine kwa nyumba anayoihama. Akaongeza, "Lakini mashine nzima, mwanangu. Mjukuu wangu kaichezea juzi hapahapa."

Kapela akaipindua, akafungua skrubu za nyuma, akamulika kwa tochi, akanusa. Ndani mlikuwa safi, hakuna kutu, hakuna harufu ya kuungua. Akainua uso kwa huzuni akasema, "Bibi, hii imekufa." Kisha akajikuna sikio. Alijikuna sana, mpaka Nyamizi akaogopa bibi atampa dawa.

Hapo Mihambo akaanza kazi. Bibi alitaja laki nne. Mihambo akavua kofia kama mtu aliyeletewa tanzia. Akauliza nani atanunua mashine iliyokufa. Akazihesabu kete za drafti, akakuta moja ni kifuniko cha soda. Akataja gharama ya mkokoteni. Akaaga, akafika mlangoni, akarudi. Akaaga tena, akafika njiani, akarudi. Mwisho akasema kwa upole kabisa, "Leo Jumanne, bibi. Keshokutwa Alhamisi. Ijumaa vitu hivi utamwachia nani, panya?"

Neno la Ijumaa ni Nyamizi aliyempa Mihambo. Alimwona bibi akikunja kanga ambayo ilikwisha kukunjwa. Akaona moyo unamchoma, kwa muda wa kama mwayo mmoja. Kisha bei ikashuka hadi laki moja na nusu, na moyo ukapoa wenyewe.

Nyamizi akalipa. Na sasa sikilizeni hapa. Bibi Mwasiti alipozipokea zile fedha hakufurahi wala hakulalamika. Alisimama kidogo, akaangalia mashine, akaangalia watu. Akasema, "Ngojeni." Akaenda jikoni akarudi na bao kubwa la kale, la mashimo thelathini na mawili, lililopakwa rangi ya kijani ya mafuta tabaka juu ya tabaka, lenye duara jeusi lililotoka kwenye makalio ya sufuria. Akasema, "Chukueni na hili, nyongeza. Msije mkasema niliwauzia hivihivi."

Mihambo, mwenye ahadi yake ya nyongeza, alilitazama akacheka. Akauliza kama anatakiwa alibebe akaanikie dagaa. Akatia mikono mfukoni akatangulia njiani. Nyamizi ndiye aliyelipakia kwenye mkokoteni, kwa sababu hajawahi kuacha kitu cha bure nyuma yake tangu azaliwe.

Njia nzima walicheka. Walimcheka bibi, mahesabu yake ya kizamani na kifuniko chake cha soda. Walifika kibandani, wakachomeka mashine, wakakaa kwenye benchi kama watoto, wakasubiri iwake.

Haikuwaka.

Kapela akaifungua tena, akashinda nayo Jumatano na Alhamisi. Ijumaa akaleta habari. Mashine ilipigwa na radi masika yaliyopita, moto ukaingia kwa waya, ukaua kidude kidogo chini ya sahani ya kuzungushia sidii, ambacho macho hayakioni. Haitapona.

Hebu fikirini. Yule fundi alisema mashine imekufa akiamini anadanganya, kumbe alisema kweli. Yule bibi aliapa mashine nzima, na alijua imekufa, na mjukuu wake hakuwa amekanyaga Tabora tangu mwaka uliopita. Wale watatu walikwenda kumwibia mjane, wakakuta mjane amekwisha kuwaibia, tena akiwa amekaa.

Nyamizi alikwenda mbio kwa Bibi Mwasiti. Akakuta mlango umefungwa na mwenye nyumba anapaka chokaa. Jumatatu shule zikafungwa. Watoto walikuja, wakaona mashine moja na foleni ndefu kama ya hospitali, wakahamia kibanda cha jirani. Nyamizi alikaa ndani akisikia kelele za magoli ya watu wengine. Zile fedha zilizobaki zilikwenda kwenye kodi na unga. Mwanawe mkubwa alimuuliza kama na wao wanaruhusiwa kwenda kucheza kwa jirani, na hilo lilimuuma kuliko hasara yenyewe.

Katika hali hiyo ndipo Kapela akaja nyumbani kwa Nyamizi kudai elfu kumi na tano yake. Nyamizi alimfungulia mlango.

"Nikulipe nini, fundi?" akasema. "Nikulipe kwa kujikuna sikio?" Akalivuta lile bao la kijani kutoka chini ya kitanda, akamtupia miguuni. "Haya, chukua hilo ukachochee moto. Ndiyo malipo yako."

Kapela alikuwa mtu mpole. Alilichukua.

Alitaka kweli kulipasua kuni. Lakini shoka lilipolichubua, chini ya rangi ya kijani palitokea rangi ya bluu, na chini ya bluu nyeupe, na chini ya nyeupe pakaangaza mbao nyekundu ya mninga wa siku nyingi. Akaweka shoka chini. Kwa siku tisa alilikwangua kwa kipande cha chupa, kisha kwa msasa, kisha kwa kitambaa na mafuta ya nazi. Pakatoka michongo ya mizabibu pembeni, na yale mashimo mawili ya mraba yaitwayo nyumba yamezungushiwa nyota, na upande wa chini mstari wa maandishi ya Kiarabu ambao yeye hakuweza kuusoma. Akalipiga picha akaiweka kwenye lile kundi la Gemu Bei Chee: "Bao la kale. Bei maelewano."

Mtu aliyejibu hakuwa wa Tabora. Aliitwa Bwana Shebughe, mwenye hoteli huko Tanga, aliyekuwa akikusanya michezo ya zamani kwa ajili ya ukumbi wa wageni wake. Alisafiri kwa treni kulitazama. Alikaa kwenye kigoda cha Kapela pale stendi, akapitisha kidole kwenye maandishi, akasoma jina la mchongaji na mwaka wa Hijria wa zaidi ya karne moja iliyopita. Akasema milioni mbili.

Msidhani alilisema hilo kwa Kapela peke yake. Nyamizi alikuwa akifungua lile kundi asubuhi kabla ya kunawa uso, hivyo siku Shebughe anashuka yeye alikwisha kukaa kwenye kimeza cha Kapela tangu alfajiri. Mihambo naye alikuwapo, amevaa koti. Na milioni mbili zilipotajwa, basi la kutoka Singida liliingia stendi, akashuka bibi mwembamba mwenye miwani ya uzi, ameshika ncha ya kanga iliyofungwa fundo. Binti yake naye alikuwa mwanachama wa lile kundi.

Wakasalimiana vizuri sana. Kisha kila mmoja akaliwekea bao mkono.

Nyamizi akasema, "Bao ni langu. Tangazo niliona mimi. Fedha nilitoa mimi, fedha za mchezo wangu. Mashine mbovu nimebaki nayo mimi, na likizo yote nimekosa mimi. Hawa wengine wamepoteza nini? Fundi nilimpa kuni, sikumpa bao. Nilisema akachochee moto. Kama hakuchochea, anirudishie kuni zangu."

Mihambo akasema, "Bao ni langu. Shemeji aliahidi mbele ya majirani kwamba nikishusha chini ya laki mbili, nyongeza yoyote ni yangu. Nilishusha mpaka laki na nusu. Kwa hiyo alimpa fundi mali ambayo si yake. Kwamba nilicheka? Nilicheka, ndiyo. Tangu lini mtu akicheka mali yake inakuwa ya jirani?"

Kapela akasema, "Bao ni langu. Nilifanya kazi, sikulipwa, nikatupiwa hili nikaambiwa ndiyo malipo yako. Wao waliona libao la sufuria. Mmoja alilikataa, mmoja alilitupa. Ningetii maneno ya dada Nyamizi, leo mngekuwa mnagombania majivu. Siku tisa nimekwangua, tazameni vidole vyangu." Akavionyesha, na kweli vilikuwa vimechubuka. Nyamizi akamkumbusha kwamba ni vidole hivyohivyo vilivyojikuna sikio, na Kapela akavirudisha mfukoni.

Bibi Mwasiti alisubiri wamalize. Akafungua fundo la kanga, akatoa laki moja na nusu kamili, akaiweka juu ya kimeza.

"Wanangu," akasema, "niliwadanganya. Mashine nilijua imekufa. Nilipoona mmelipa, moyo ukanisuta, ndipo nikaenda jikoni nikaleta bao, lifidie uongo wangu. Sasa uongo nimeutoa, na fedha zenu nimerudisha zote. Biashara imevunjika. Biashara ikivunjika, nyongeza inabaki juu ya nini? Nirudishieni bao la mume wangu."

Maneno mazuri, hata Shebughe alitikisa kichwa kukubali. Isipokuwa Nyamizi alitambua kwamba ukweli ule ulikaa kimya Singida karibu wiki tatu, ukapata sauti siku bao lilipopata bei. Alilisema hilo. Bibi hakukana. Akajibu kwamba hata wao walikuja kwake wakijua Ijumaa yake, na kama si Ijumaa hiyo asingeuza kwa laki na nusu, na asingehitaji kudanganya ili apate nauli. Hapo Nyamizi akaangalia pembeni.

Wakazozana mpaka jua likawa utosini. Mihambo alimwambia bibi arudishe na nauli ya mkokoteni. Kapela alidai siku tisa zake kwa yeyote atakayeshinda. Bibi alisema hakumwomba mtu akwangue kitu. Nyamizi alisema laki na nusu ya leo haimrudishii likizo ya jana.

Shebughe akatazama saa yake. Akasema treni yake inaondoka jioni, na yeye hununua kwa mtu mmoja, hanunui kesi. Kwa usumbufu huu, akasema, sasa anatoa milioni moja na nusu. Wote wanne wakaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. Shebughe akavua kofia kwa huzuni, akasema milioni moja na laki mbili. Akaaga, akafika kwenye kona ya stendi, akarudi. Mihambo alimtazama akifanya hivyo, akaitambua kazi ya fundi mwenzake.

Nyamizi alikuwa bado ameliwekea bao kiganja. Alisikia bei ikishuka. Maisha yake yote sauti hiyo ilikuwa tamu masikioni mwake, na sasa alikaa upande wa pili, akaisikia kama anavyoisikia muuzaji. Akamtazama Bibi Mwasiti. Bibi naye alikuwa akimtazama, na mikono yake ilikuwa ikikunja ile kanga tupu.

"Milioni moja," akasema Shebughe.

Mimi nimefika hapo, siendi mbele. Nyamizi alitoa fedha, lakini alimwahidi mmoja bao akamtupia mwingine. Mihambo alipewa ahadi, lakini alipoletewa alichoahidiwa alicheka. Kapela aliliokoa kwenye moto, lakini alipewa kuni. Bibi Mwasiti alikuwa mwenye mali tangu mwanzo, lakini alilitoa kwa mikono yake miwili kufunika uongo wake. Semeni nyinyi mliokaa mkanisikiliza bure bila kunipunguzia bei, na semeni upesi, maana mwenye hoteli anaangalia tena saa yake: je, nani alistahili bao?